Kizingiti cha Spishi na Mpaka wa Jeti

Shigella ni jina ambalo kila tabibu analifahamu, kwa kuwa ndilo jina la bakteria wanaoleta ugonjwa wa kuhara damu. Hata hivyo, jenomu zao, yaani DNA yao yote, zikisomwa na kulinganishwa na zile za Escherichia coli, tofauti inayoonekana haifiki kiwango kinachotakiwa ili kutenganisha spishi mbili. Kwa kipimo kinachotumika leo kwa bakteria wengine, Shigella wangepaswa kuingizwa ndani ya E. coli, tena si kama tawi moja bali kama matawi kadhaa yaliyochipuka kwa nyakati tofauti. Jina limebaki kwa sababu ya kazi linayoifanya hospitalini: majibu ya maabara yakisema Shigella, mganga anajua la kufanya, ilhali yakisema E. coli anaweza kudhani kwamba ni mkazi wa kawaida wa utumbo. Wataalamu wanalijua hilo, na kwa kujua wameliacha jina lilivyo.

Habari za sayansi zina desturi ya kusema kwamba spishi mpya ya bakteria imegunduliwa, kana kwamba ilikuwa imejibanza mahali ikiwa na mipaka yake kamili, ikingoja mtu wa kuifunua. Kilichogunduliwa ni bakteria. Mpaka unaowazunguka na kuwafanya waitwe spishi huchorwa na watu, kwa kizingiti walichokubaliana. Fizikia ya chembe nayo ina kitu cha namna hiyo hiyo, yaani jeti, misururu ya chembe inayochomoka kwenye migongano, ambazo huhesabiwa kwa mamilioni katika vigonganishi vya chembe na ambazo hazina idadi yoyote mpaka ichaguliwe kanuni ya kuzikusanya. Sioni kasoro katika jambo hilo, kwa kuwa mstari uliochorwa na binadamu unaweza kuwa mstari mzuri wa kisayansi. Linalopaswa kupimwa ni ubora wake, na dai langu ni kwamba wanafizikia, kwa kulazimishwa na hesabu zao wenyewe, wamebuni jaribio la ubora ambalo wataalamu wa bakteria bado hawalitumii inavyostahili: je, mpaka uliouchora unabaki palepale ukiongezewa kitu kidogo ambacho hakikupaswa kubadili chochote?

Tuanze na jeti, maana ndiko jaribio hilo lilikozaliwa. Protoni imeundwa kwa kwarki zilizoshikamanishwa na gluoni, na nguvu inayozishikamanisha haidhoofiki kadiri kwarki zinavyoachana, tofauti na mvutano wa sumaku au wa dunia. Kwa hiyo kwarki iliyopigwa ikachomoka ndani ya protoni haifiki popote ikiwa peke yake. Nishati inayojengeka kati yake na zile ilizoziacha nyuma hugeuka kuwa kwarki na antikwarki mpya, hizo huungana kuwa hadroni, yaani chembe zilizoundwa kwa kwarki, na kinachofika kwenye kigunduzi ni msururu mwembamba wa chembe kumi, ishirini au zaidi, zote zikielekea upande mmoja. Msururu huo ndio jeti. Ushahidi wake wa mwanzo katika migongano ya elektroni na positroni ulitoka kwenye mashine ya SPEAR huko California mwaka 1975. Mwaka 1979, kwenye mashine ya PETRA mjini Hamburg, zilionekana jeti tatu zikichomoza kutoka mgongano mmoja. Kwarki na antikwarki zilieleza mbili kati yake, na ya tatu ilitokana na gluoni. Hivyo ndivyo gluoni ilivyothibitika kuwapo bila mtu yeyote kuwahi kuinasa yenyewe.

Lakini jeti si kwarki, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kwarki ikiwa njiani inaweza kutoa gluoni. Gluoni hiyo ikitoka kwa pembe ndogo sana tunaihesabu kuwa sehemu ya jeti ileile, na ikitoka kwa pembe kubwa ikiwa na nishati nyingi tunaihesabu kuwa jeti nyingine, ingawa kati ya hali hizo mbili hakuna ukuta wowote. George Sterman na Steven Weinberg walionyesha mwaka 1977 kwamba hesabu inawezekana iwapo mtu atatangaza mapema pembe anayoikubali na kiasi cha nishati anachoruhusu kibaki nje yake. Ukibadilisha pembe, jibu linabadilika, na hilo halina ubaya mradi pembe yenyewe imetajwa.

Shida kubwa ilitokea pale kanuni za kukusanya chembe zilipoandikwa kwa ajili ya kompyuta. Ili kuokoa muda, nyingi za kanuni za zamani zilianza na mbegu: kompyuta ilitafuta chembe yenye nishati ya kutosha, ikaizungushia duara, ikahesabu mwelekeo wa wastani wa vyote vilivyomo, ikalisogeza duara hadi lilipotulia. Sasa fikiria chembe mbili kali zilizoachana kwa umbali unaozidi kidogo nusu kipenyo cha duara. Duara likianzia kwa ya kwanza linatulia juu yake, likianzia kwa ya pili linatulia juu ya hiyo, na matokeo ni jeti mbili. Ongeza chembe moja hafifu katikati yao, yenye nishati ndogo mno kulinganisha na hizo mbili. Nayo inakuwa mbegu. Duara linaloanzia hapo linazifikia zote mbili, linatulia, na jeti mbili zinageuka kuwa moja. Kitu ambacho hakina uzito wowote katika mgongano kimebadili hesabu ya mgongano mzima.

Mtu anaweza kudhani kuwa hiyo ni kero ndogo ya kiufundi. Sivyo. Nadharia ya nguvu kali, ile inayozishikamanisha kwarki, inasema kwamba uwezekano wa kwarki kutoa gluoni hafifu kabisa unakua bila ukomo, na kinachouokoa ni mchango mwingine wa alama iliyo kinyume, ambamo gluoni hutolewa na kumezwa tena kabla haijaenda popote. Michango hiyo miwili hufutana ikiwa tu idadi ya jeti ni ileile katika zote mbili. Kanuni inayobadili idadi ya jeti kwa sababu ya chembe hafifu huvunja ufutanaji huo, na hesabu ya mwananadharia hutoa jibu lisilo na ukomo, yaani jibu ambalo haliwezi kulinganishwa na kipimo chochote. Ni vivyo hivyo kwa chembe moja kali inayogawanyika kuwa mbili zinazokwenda sambamba: kanuni ikizihesabu tofauti na ile moja, hesabu inaharibika. Wanafizikia waliyapa masharti haya mawili jina la usalama wa infraredi na wa kolinia, na nadhani ni miongoni mwa mawazo safi zaidi yaliyowahi kutolewa kuhusu maana ya kufasili kitu.

Pamoja na usafi huo, hayakufuatwa mara moja. Watafiti na wananadharia waliokutana Snowmass, Marekani, mwaka 1990 walikubaliana juu ya sifa za jeti nzuri, lakini kanuni zenye mbegu ziliendelea kutumika kwa miaka mingi. Kiraka kimoja kilikuwa kuweka mbegu ya bandia katikati ya kila jeti mbili, ili chembe hafifu ikitokea hapo isilete jipya. Kiraka hicho kiliziba tatizo kwa chembe mbili, likarudi palipokuwa na tatu. Kanuni ya duara isiyotumia mbegu kabisa, na yenye kasi ya kutosha kutumika kwa vitendo, ilikuja mwaka 2007. Mwaka 2008 Matteo Cacciari, Gavin Salam na Grégory Soyez walitangaza kanuni iitwayo anti-kt, ambayo haina duara la kusogezwa wala mbegu ya kuchaguliwa. Hupima umbali kati ya kila chembe na nyingine kwa namna ambayo chembe hafifu hujiunga kwanza na chembe kali iliyo jirani kabla ya kuungana zenyewe kwa zenyewe. Mgawanyo wa chembe hafifu hautikisi umbo, na jeti kali iliyo peke yake hutoka ikiwa mviringo kamili. Majaribio ya ATLAS na CMS katika kigonganishi cha LHC, chenye mzingo wa kilomita 27 karibu na Geneva, yanaitumia kama kanuni yao ya kawaida, kwa kipimo cha nusu kipenyo cha 0.4, ambacho kwa jeti inayotoka pembeni mwa mwelekeo wa protoni ni karibu digrii 23.

Sasa twende maabara ya bakteria. Mtafiti amepaka udongo uliochanganywa na maji kwenye kisahani cha agari, na baada ya siku kadhaa makoloni yamejitokeza, mengi meupe na makubwa. Ukingoni liko moja dogo la rangi ya krimu, lenye ukingo uliokunjamana, ambalo siku ya tatu halikuwapo. Analigusa kwa ncha ya kitanzi cha waya, analichora kwenye kisahani kipya, anangoja, kisha anarudia tena na tena mpaka kila koloni linaloota lifanane na jirani yake. Hapo ndipo anaweza kusema kwamba anacho kiumbe kimoja. Kisha anasoma jeni ya 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, ambayo hubeba maelekezo ya kuunda sehemu ya ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, na imo katika kila bakteria. Carl Woese na George Fox waliitumia molekuli inayotokana na jeni hiyo kutenga kundi zima la arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini ni tawi lingine la uhai, pia mwaka 1977. Kufanana kwa jeni hiyo na ya jamaa wa karibu zaidi kukiwa chini ya takriban asilimia 98.7, koloni lile dogo lina haki ya kudhaniwa kuwa spishi mpya. Kukiwa juu ya hapo, jeni hiyo haitoshi kuamua. Bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, na ndugu yake Bacillus cereus karibu hawatofautiani kabisa katika jeni ya 16S, na sumu inayomfanya wa kwanza kuwa wa kuogofya imo katika plasmidi, vipande vya DNA vinavyoweza kupotea au kuhama.

Basi hulinganishwa jenomu nzima. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu ilipendekeza kwamba straini mbili, yaani koo mbili za bakteria, zihesabiwe spishi moja iwapo DNA zao, zikichanganywa na kuachwa ziungane, zinaungana kwa kiwango cha asilimia 70 au zaidi. Jenomu zilipoanza kusomwa kwa wingi, ilionekana mwaka 2007 kwamba asilimia 70 hiyo inaendana na wastani wa kufanana kwa herufi wa takriban asilimia 95 katika sehemu ambazo jenomu mbili zinachangia. Tangu hapo, asilimia 95 ndiyo kizingiti.

Namba hii ilitoka wapi? Ile ya 70 ilichaguliwa kwa sababu ilirudisha vizuri makundi ambayo wataalamu walikuwa tayari wanayatambua kwa umbo, kwa chakula na kwa tabia, nayo ya 95 ikarithi chaguo hilo. Haikutokana na nadharia inayosema bakteria wanapaswa kuachana hapo. Kwa mlinganisho, binadamu na sokwe mtu wanafanana kwa takriban asilimia 98.8 katika sehemu za DNA zinazolinganishika. Kwa kizingiti cha bakteria wangekuwa spishi moja. Hiyo si hoja ya kukitupa kizingiti, kwa kuwa bakteria wana historia nyingine na kasi nyingine ya mabadiliko, ila inaonyesha kwamba neno spishi halibebi kipimo kimoja kutoka kiumbe hadi kiumbe.

Utetezi wenye nguvu zaidi wa asilimia 95 ulitolewa mwaka 2018, jenomu zipatazo 90,000 zilipolinganishwa, kila moja na nyingine, ikaonekana kwamba jozi nyingi mno ama zinafanana kwa zaidi ya asilimia 95 au kwa chini ya 83, na katikati pamebaki karibu patupu. Ikiwa pengo hilo ni la asili, kizingiti kimepita mahali ambapo hakuna kitu cha kukatwa, na hiyo ni bahati kubwa. Wakosoaji walijibu kwamba hazina za jenomu zimejaa bakteria wa magonjwa, waliosomwa maelfu kwa maelfu, ilhali wa udongo na wa bahari ni wachache. Pengo linaweza kuwa la hazina yenyewe. Mimi naelekea kuamini kwamba pengo lipo kweli kwa makundi mengi na halipo kwa mengine, na hilo ndilo linalonifanya nirudi kwenye swali la wanafizikia.

Kila spishi ya bakteria ina straini kielelezo, ile ya kwanza kuelezwa rasmi, na uanachama wa spishi hupimwa kwa umbali kutoka kwayo. Hiyo ni mbegu. Chukua straini mbili, kila moja ikifanana na kielelezo kwa asilimia 96, lakini zikiwa pande mbili tofauti, kiasi kwamba zenyewe zinafanana kwa asilimia 93 tu. Kielelezo kikiwa pale katikati, zote ni spishi moja. Lau ile ya pembeni ingeokotwa kwanza na kupewa jina, mwenzake wa upande wa pili angeachwa nje na kuandikwa kama spishi mpya. Mpaka ungekuwa umeamuliwa na tarehe ya kuokotwa. Kuwaunganisha kwa mnyororo, kila mmoja na jirani yake, hakuponyi, maana hapo jenomu moja mpya inayoangukia katikati ya makundi mawili inatosha kuyafanya kuwa kundi moja, kama ile chembe hafifu iliyomeza jeti mbili.

Pale ambapo pengo ni pana, yaani kati ya 83 na 95 hakuna mtu, hatari hii haipo: popote utakapoanzia utazunguka kundi lilelile. Pale ambapo pengo limejaa, hatari ni kamili. Kwa hiyo jaribio la wanafizikia linaweza kufanywa kwa kila spishi inayopendekezwa: badilisha kielelezo, uchukue kila mwanachama kwa zamu na kumfanya kuwa kitovu, sogeza kizingiti hadi 94 na hadi 96, ondoa jenomu moja na uongeze nyingine, kisha utazame kama orodha ya wanachama inabaki ileile. Tofauti moja lazima ikubaliwe, nayo ni kubwa: mwanafizikia anayo nadharia inayomwambia jibu sahihi linapaswa kuwa nini, na kanuni mbovu humlipiza kisasi kwa kumpa namba isiyo na ukomo. Mwanabiolojia hana mlipiza kisasi wa namna hiyo. Bakteria hugawana jeni hata na wasio ndugu, na hakuna nadharia moja ya spishi inayokubaliwa na wote. Mpaka mbovu hauvunji hesabu yoyote; unaingia tu kwenye orodha, ambayo sasa ina majina zaidi ya 20,000, na kukaa humo. Kwa sababu hiyo hiyo jaribio linahitajika zaidi kwao, kwa kuwa hakuna kitu kingine kitakachopiga kengele.

Suala hili limepata uzito mpya kutokana na mzozo wa majina. Kanuni ya kimataifa ya kuwapa bakteria majina inadai straini hai, iliyohifadhiwa katika hazina mbili zilizo katika nchi mbili tofauti. Bakteria walio wengi duniani hawajawahi kukubali kuota maabara, na jenomu zao huunganishwa kutokana na DNA iliyochotwa moja kwa moja kutoka kwenye matope, maji au utumbo. Pendekezo la kuruhusu mfuatano wa jenomu kuwa kielelezo lilikataliwa mwaka 2020, na mwaka 2022 watetezi wake wakaanzisha kanuni ya pembeni iitwayo SeqCode, inayokubali jenomu kama kielelezo.

Wanaodai kiumbe hai wana hoja ambayo naiheshimu sana. Jenomu za arkea wa kundi la Asgard zilijulikana tangu mwaka 2015, lakini hakuna aliyejua mwili wao ulivyo mpaka kikosi cha Japani, baada ya kazi ya miaka 12 juu ya tope la sakafu ya bahari, kilipofaulu kumwotesha mmoja wao, anayehitaji wiki mbili hadi karibu wiki nne ili ajigawe mara moja. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2020, darubini ilionyesha kiumbe mwenye mikono mirefu yenye matawi, jambo ambalo herufi za jenomu hazikuwa zimelisema. Walakini kungoja miaka 12 kwa kila jina ni kuliacha sehemu kubwa ya uhai bila majina, na kisichokuwa na jina hutajwa kwa namba za maabara ambazo kila kikundi kina zake. Naona SeqCode ina haki, kwa sharti kwamba ichukuliwe kwa ukali unaolingana na udhaifu wake.

Udhaifu wenyewe wanafizikia wanaujua vizuri. Katika LHC vifurushi vya protoni hukutana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na kila vinapokutana hutokea makumi ya migongano kwa pamoja, hivyo kila jeti hubeba uchafu wa migongano mingine. Kwa kuwa jeti za anti-kt ni mviringo na eneo lake linajulikana, uchafu huo hukadiriwa kwa kila kipande cha eneo na kutolewa. Jenomu iliyounganishwa kutoka kwenye tope ina uchafu wa aina hiyo, vipande vya bakteria jirani vilivyoshonwa kimakosa. Hupimwa kwa jeni ambazo kila jenomu huwa nayo moja moja. Zikitokea mbili, mgeni ameingia. Jenomu bora hutakiwa kuwa kamili kwa zaidi ya asilimia 90 na uchafu usiofika 5. Lakini kizingiti cha spishi ni asilimia 95, na uchafu wa asilimia 4 unaweza kusogeza jozi iliyo karibu na mpaka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikitegemea vipande vilivyoingia ni vya nani. Kutaja uchafu bila kuonyesha unavyoathiri mpaka ni kufanya nusu ya kazi.

Wanafizikia wenyewe hawang'ang'anii mduara mmoja. Kwarki iitwayo top huvunjika kabla haijapata muda wa kuunda hadroni, na mara nyingi huacha jeti tatu. Ikiwa na mwendo mkubwa sana, hizo tatu hubanana kiasi kwamba duara la 0.4 haliwezi kuzitenganisha vizuri. Kwa hiyo ATLAS hutumia pia jeti pana za 1.0, na CMS za 0.8, ili kuimeza top nzima na kuchunguza muundo wake kwa ndani. Mgongano uleule una jeti tatu kwa kipimo kimoja na jeti moja kwa kingine, na hakuna anayeuliza ipi ndiyo ya kweli, kwa kuwa kipimo kimeandikwa kando ya kila matokeo. Shigella anaweza kuandikwa hivyo pia, kama jina la hospitali ndani ya spishi E. coli, kila kipimo kikitajwa. Na maelezo ya kila spishi mpya yanaweza kubeba jedwali moja la ziada: wanachama wake kwa 94, 95 na 96, na kwa kila kielelezo kinachowezekana. Kwa jenomu ambazo tayari zimesomwa na kuwekwa wazi, hiyo ni kazi ya saa chache za kompyuta.